Wingu Lililoatamia Hanang

Umewahi kutoa sauti mahali ambapo kila mtu amenyamaza, vichwa vikageuka kukutazama kana kwamba ng'ombe ameingia kanisani? Fransiska aliwahi. Ilikuwa katika ukumbi wa parokia pale Katesh, siku binti yake Eva aliposimama kando ya piano, mikono ameifumbata tumboni, akaimba maneno ambayo mama yake aliyatunga akipalilia mahindi kijijini Masakta.

Haikuwa kwaya. Hapakuwa na ngoma, wala vigelegele, wala mabega ya kuyumba. Mmoja anaimba, mmoja anapiga piano, na wengine wote wanakaa kimya kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Mwalimu Cyprian, mtu wa Kagera aliyehamishiwa sekondari ya pale, ndiye aliyeyachukua mashairi ya Fransiska, la wingu, la ukungu wa asubuhi, la maharage yanayochanua, akayatungia muziki wa namna hiyo.

Eva alianza na la wingu:

*Wingu limeatamia mlima,*
*msiliguse, litaangua mvua.*

Kisha akanyamaza kidogo, na piano nayo ikanyamaza. Fransiska akaitikia kwa sauti ya kifuani: "Eee!"

Angefanyaje? Alikua akisikia slufay, ile baraka ndefu ya Wairaqw inayosemwa na mmoja na kuitikiwa na wote waliokaa. Kwao mtu akitaja mvua na ardhi kwa maneno mazuri, humwachi asimame na maneno yake peke yake. Basi akaitikia tena, kwa nguvu zaidi, akidhani wenzake wamechelewa tu. Nyuma mtu akacheka. Bwana mmoja mwenye tai akageuka, kidole mdomoni. Eva sauti ikamkwama, akapitwa na piano, akamaliza wimbo kama mtu anayevuka mto akitafuta mawe ya kukanyaga.

"Mama, umeniaibisha," alisema walipotoka nje.

"Mimi? Nimekuitikia."

"Hizi haziitikiwi, mama. Hizi watu wanasikiliza."

"Haya, kawaimbie hao wenye masikio. Sisi wengine tuna midomo tu."

Fransiska akapanda gari la kurudi Masakta bila kuaga, khanga ameivuta hadi kwenye paji la uso.

Eva alikuwa amepanga chumba karibu na soko la Katesh, anashona sare za shule. Zamani kila Jumamosi alikuwa anafunika cherehani kwa kitambaa cha maua na kwenda Masakta kulala kwa mama yake. Baada ya siku ile hakwenda. Salamu zikawa zinapita kwa Perpetua, wifi yake Fransiska, aliyekuwa anauza vitunguu pale sokoni. Huyo ndiye aliyekuja Ijumaa moja ya Desemba, akakaa jikoni na viatu vyake vya matope, akasema, "Eva anakusalimu. Anasema ukimtumia neno moja tu, kesho anakuja kulala."

Fransiska alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua macho. "Mlango anaujua."

"Wifi, hilo ndilo jibu nimpelekee?"

"Ndilo. Kwani aliondoka hapa amefumbwa macho?"

Perpetua akalipeleka jibu kama alivyopewa. Jumamosi Eva hakuja. Alfajiri ya Jumapili mlima ukaachia tope. Likashuka na mawe na magogo mazima, likaingia kwenye nyumba za watu waliolala, na asubuhi mahali palipokuwa na chumba cha Eva palikuwa pametandazwa kama shamba lililolimwa jana. Walipompata, Fransiska alimtambua kwa upindo wa gauni. Hakuna mwingine Katesh aliyeshona upindo mdogo vile.

Watu walipokuja kumfariji walisema ni kazi ya Mungu. Fransiska aliwakaribisha uji na kuwaacha waseme. Kuna maneno ambayo mtu akiyakataa lazima aeleze sababu, na sababu yake yeye hakutaka kuitaja.

Mwaka ulipokaribia kutimia, Mwalimu Cyprian alifika Masakta.

"Shikamoo, Mama Eva."

"Marahaba. Kaa, ila egemea huku. Hicho kiti mguu wake mmoja mlevi."

Cyprian akakaa kwa uangalifu. Alieleza kwamba kutakuwa na siku ya kuwakumbuka waliochukuliwa na tope, na kwamba angependa wimbo wa wingu uimbwe. Ungeimbwa na Rahel, nesi kijana wa kituo cha afya. "Maneno ni yako, mama. Ukikataa, sitaugusa."

"Nitakuja nisikie kwanza," alisema Fransiska, naye alikuwa amekwisha kuamua kukataa.

Alikwenda ukumbini mchana wa Alhamisi, akakaa kwenye benchi la mbele. Rahel akaimba hadi mwisho. Fransiska akasema, "Ule ubeti wa tatu. *Hanang, mwenye mkono mpana, hujamnyima mtu.* Mnausifu mlima huo kwa lipi? Kwa kula watu?"

Cyprian akachukua kalamu, akaukata ubeti. Rahel akaimba upya.

"Mnakwenda mbio. Mmefukuzwa na nyuki?"

Cyprian akapunguza mwendo.

"Piano inapiga kelele. Na huyu binti anavyoyataja maharage ya ubeti wa pili, utadhani hajawahi hata kuyapukuchua."

"Mama, mimi nimekulia Tukuyu," Rahel alijibu kwa adabu, lakini kidevu amekiinua. "Maharage nimeyapukuchua mpaka vidole vikavimba."

"Hm. Vidole vimevimba, sauti imebaki nyembamba."

Rahel akacheka bila kutaka. Fransiska hakucheka. Alikuwa anatafuta kosa lingine, akageuza wimbo mzima kichwani kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele uliokwisha kupepetwa, na hakuliona. Wimbo ulikuwa safi. Ungeweza kuimbwa mbele ya yeyote. Hilo ndilo lililomuuma: kwamba ulikuwa umepona, ukasimama, ukapata mdomo mwingine wa kuuimba.

Cyprian akashusha mikono kutoka kwenye piano. "Mama, nimetoa ubeti, nimepunguza mwendo, nimeshusha sauti. Kitu kingine ukitaka nitafanya. Lakini naona kama sicho unachotaka. Tuimbe siku hiyo, au tusiimbe?"

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Fransiska alisikiliza shoka likipanda na kushuka.

"Imbeni," alisema. "Wimbo haukumkosea mtu."

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Anzeni tu tena, mwanzo."

Rahel akavuta pumzi. Safari hii hakumtazama Cyprian. Alimtazama mama aliyekaa kwenye benchi, na akaimba polepole, kila neno akiliweka chini kama yai.

*Wingu limeatamia mlima,*
*msiliguse, litaangua mvua.*

Akanyamaza. Cyprian akainua mikono, akaiacha hewani. Kimya kikapita kipimo chake, kikaendelea kupita, na hakuna aliyekigusa.

Midomo ya Fransiska ikafunguka. Alitaka kuitikia, kifua kikakataa. Akashika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili, akainama mbele kidogo, kama mtu anayezungumza na aliyesimama karibu kabisa.

"Njoo ulale nyumbani, Eva," alisema. "Siku ile Perpetua alipokuja, hilo ndilo nililotaka kusema. Nilitaka kusema njoo."