Haya ya Shomari

Kule Tindiga, miaka ile watu walipokuwa bado wanazizoea nyumba za mistari za kijiji cha ujamaa, hakukuwa na mtoto mchanga aliyesifiwa kama Shomari wa Joha. Kichwa kikubwa, paji la uso linang'aa, macho kayainamisha chini kutwa. Bibi yake, mama wa baba yake, alimwita mume wangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kiume, na wageni wote waliambiwa maneno yaleyale: "Mwone mume wangu alivyo na haya. Hata mkewe hamtazami usoni."

Watu walicheka. Joha naye alicheka, mwanzoni.

Lakini Joha alikuwa mshona kofia, na mkono wa mshonaji haudanganywi na sifa. Kofia aliyomshonea mwanawe kwa ajili ya arobaini ya kuzaliwa ilikataa kuingia kabla ya mwezi mwingine kwisha. Akashona nyingine kubwa zaidi, nayo ikagoma. Mwili ulikuwa mwembamba vilevile; kilichokua ni kichwa tu. Akaanza kuona na mengine: utosi umevimba, maziwa yanarudi, kilio chembamba. Na macho yale, hata alipopitisha kibatari juu yake, hayakupanda. Hiyo haikuwa haya. Joha aliogopa.

"Mama, naomba tumpeleke Berega, hospitali," alimwambia mkwewe.

"Kwa maradhi gani? Kichwa cha akili nacho siku hizi ni ugonjwa?" Bibi alichukia hasa. "Unamtafutia mume wangu mkosi."

Mwinshehe, baba wa mtoto, hodari wa kusema kwenye mkutano wa kijiji na bubu mbele ya mama yake, alitazama ukuta. Joha akaichukua kofia ya kwanza, akamwekea mtoto. Ilikaa utosini kama kifuniko cha birika juu ya chungu.

"Baba Shomari, mimi sibishani na mama. Tazama mwenyewe."

Mwinshehe akatazama. Kesho yake akaomba ruhusa ya kutokwenda shamba la kijiji.

Berega, muuguzi Hildegarda alimpima mtoto kichwa kwa utepe, akaugusa utosi taratibu. Daktari hakuzungusha maneno. Njia ya maji ya ubongo iliumbika vibaya tangu tumboni. Maji yanajaa na kuubana ubongo.

"Si laana, wala si kosa la mama," alisema. "Dar es Salaam wanaweza kupitisha mrija chini ya ngozi, maji yashuke tumboni. Alichokwisha kupoteza siwezi kuahidi kwamba chote kitarudi. Ila mkikawia, atapoteza zaidi."

Wiki ileile wakapanda treni Kilosa.

Walirudi mvua zimeanza. Shomari alikuwa na mshono nyuma ya sikio na shingo bado haijakaza, lakini alinyonya akashiba, akalala bila kutapika. Joha alimwamkia mkwewe shikamoo. Marahaba ikatoka kwa shida. Kisha Bibi akanawa mikono, akaketi mkekani.

"Nipe. Nionyeshe huo mrija ulipopita. Ukienda shamba nani atambeba? Nisije nikaukazia kanga."

Joha akakishika kidole cha mkwewe, akakipitisha nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, hadi tumboni.

"Na akianza tena kutapika?"

"Hospitali, mama. Siku hiyohiyo."

"Siku hiyohiyo," Bibi alirudia, macho kwa mtoto. "Na mimi nikikataa, usinisikilize."