Shahidi wa Pili

Aliyeuona mwezi kwanza ni Mohdhar, na hili nitalisema mpaka nife. Tulikuwa juu ya nyumba yangu hapa Likoni, jua limetua sasa hivi, naye ndiye aliyenishika bega. "Habib, ule pale, juu ya mnazi wa kina Lewa." Nikautazama. Mwembamba kama ukucha, lakini mwezi. Tukapeana mkono wa Idi, tukashuka mbio kwenda msikitini kutoa ushahidi.

Mwezi wa Idi wataka mashahidi wawili. Mmoja hatoshi, hata awe nani. Redio ilikwisha kusema kwengine haukuonekana, na wazee wa msikiti walikuwa wamenuna. Imamu akaniuliza, "Una yakini?" Nikaapa. Akamgeukia Mohdhar, mwalimu wa madrasa, rafiki yangu tangu tunacheza uchi.

Mohdhar akawatazama wazee, akakohoa. "Sheikh, yakini ni neno zito. Jicho huona linachotamani. Labda kilikuwa kijiwingu. Nani awezaye kusema anajua?"

"Mohdhar, si wewe uliyenionyesha?"

"Nilikuonyesha nilichodhania."

"Na hiyo labda yako, una yakini nayo?"

Watu wakacheka, na waliyemcheka ni mimi. Imamu akatangaza kesho ni saumu. Sijavaa viatu, baba yake Nadira akanivuta kando. Mimi ndiye niliyekuwa niwe shahidi wa ndoa ya bintiye, kama nilivyoshuhudia ndoa nyingi mtaani. Akaniambia, kwa adabu zote, atatafuta mtu mwengine.

Asubuhi mke wangu Mishi akaniuliza, "Kwani uliuona kweli?" Nikashindwa kumjibu upesi, na hilo ndilo lililonichoma. Kama aliyesimama nami bega kwa bega hajui, mimi najuaje? Rafiki yangu amenivunjia jina, sasa na macho yangu ameninyang'anya. Nililia, sioni haya kusema.

Mchana nikaenda kwake nikamtukane. Mlango wa uani ulikuwa umerudishwa tu. Nikabisha hodi, nikaingia. Mohdhar alikuwa jikoni peke yake, chai mbele yake, hamri mkononi, shavu limejaa.

Akameza taratibu.

"Si wajua kufunga siku ya Idi ni haramu," akaninong'oneza. Akanisogezea sahani. "Keti ule, Habib. Lakini funga mlango kwanza."