Foleni ya Nyuki

Ofisa aliyegonga mihuri ya ruhusa za kutoka kambini Kakuma alimwuliza Ayak sababu ya safari yake.

"Naenda Lodwar kumchukua ng'ombe wangu."

"Ng'ombe wangapi?"

"Mmoja tu. Dume, mweupe."

"Na utarudi naye vipi, mama? Kwa miguu ni siku tano."

"Kwenye mkoba."

Ofisa alimtazama, akautazama ule mkoba, kisha akatazama saa. Ilikuwa karibu saa saba na tumbo lake lilikuwa limeanza kudai haki yake. Akaandika "mifugo" na kugonga muhuri.

Wala hakuwa amedanganywa. Ng'ombe huyo aliitwa Mabior na alikuwa na upana wa vidole vinne. Alichorwa kwa kalamu ya bluu kwenye kipande cha katoni ya biskuti na Mou, mdogo wake Ayak, ambaye alirejea kwao Bor mwaka 2011 nchi ilipopata uhuru. Akiwa na mguu mmoja kwenye lori, Mou alimkabidhi dada yake ile kadi na kumwambia neno moja: "Mchunge." Ayak akamchunga vizuri sana, mpaka Jumamosi moja alipomweka mezani katika mchezo wa kadi uitwao Boma na kunyang'anywa na Ethuro, fundi wa pikipiki wa Kanamkemer, mtaa wa Lodwar.

Sasa ilikuwa Desemba 2012, na Mou alikuwa anakuja Krismasi. Kila akipiga simu, kabla hata ya kuuliza dada yake ameamkaje, huuliza, "Mabior hajambo?"

"Hajambo. Amenenepa," Ayak hujibu. Siku moja, alipobanwa sana, alisema Mabior ana kikohozi kidogo. Mou akapiga tena jioni ile ile kumweleza ni majani gani achemshiwe.

Huo mchezo wa Boma ulibuniwa na Mwalimu Pontien, Mrundi wa kambini. Mgeni mmoja alimwachia sanduku la kadi za ng'ambo zenye majoka yanayotema moto. Pontien akasema joka la namna hiyo likifika Turkana litaomba kivuli, akaketi akachora wanyama wa hapa hapa. Mezani hukaa watu wanne. Kila mmoja ana mbuzi ishirini, yaani kokwa ishirini za mkoma. Raundi ya kwanza unapewa jerikeni moja ya maji ya kulipia kadi zako, ya pili mbili, ya tatu tatu, hivyo hivyo. Mnyama wako akimfikia jirani bila kuzuiwa, jirani anapoteza mbuzi. Mbuzi wakimwishia anatoka, na aliyemtoa anachagua kadi moja katika fungu la aliyetoka, inakuwa mali yake.

Wenye busara waliweka tembo na vifaru katika mafungu yao wakingoja maji yajae. Ethuro hakungoja kitu. Fungu lake lilikuwa nyuki watupu, kundi moja kwa jerikeni moja. Raundi ya kwanza unasikia mlio, ya pili unajikuna, ya tatu umeshaondoka na yeye anachagua kadi. Watu wa Lodwar wanasimulia kwamba mtu mmoja kutoka Nariokotome alishindwa akiwa bado anatafuta kiti, na kwamba mwingine alirudi nyumbani na jicho limevimba, ingawa wale nyuki walikuwa wa katoni.

Dawa yake Ayak aliipata kazini. Kazi yake kambini ilikuwa kupanga foleni ya wanawake siku ya mgao wa chakula. Miaka tisa, filimbi shingoni. Asubuhi moja vijana kama arobaini walilivamia lango kwa pamoja, kila mmoja akiwa na haraka kuliko mwenzake. Ayak akapiga filimbi, akanyoosha mkono. "Mmoja mmoja." Akashangaa kuona kitu alichokuwa amekiona kila wiki bila kukitazama. Walipolazimika kungoja, nusu yao walikumbuka wana shughuli kwingine. Baada ya robo saa lango lilikuwa na watu sita, wapole kama wako kanisani.

Akaenda moja kwa moja kwa Pontien.

"Mwalimu, ile kadi yako ya Foleni iko wapi?"

"Ile haina kazi, mama. Watu wanawekea chini ya mguu wa meza."

Kweli, ya kwanza waliitoa chini ya mguu wa meza. Foleni haikuwa mnyama bali sheria. Ililipiwa jerikeni tatu, na ikishawekwa haiondoki: kila mchezaji, kila zamu, anatoa mnyama mmoja tu kushambulia. Pontien alikuwa amechora tatu, na zote tatu zikaingia katika fungu la Ayak. Kisha Ayak akamwekea kadi ya nyuki mbele ya miwani.

"Nisomee haya maandishi madogo ya chini."

Pontien akasoma polepole. "Kundi lisilouma raundi mbili linahama." Akavua miwani. "Mimi ndiye niliandika hii?"

"Mwandiko ni wako."

"Basi nilisahau. Hakuna mtu ameishi mpaka kufika hapo."

Jumamosi wakapanda juu ya lori la mkaa, yeye na Pontien. Walipofika Lodwar walikuwa weusi kuliko mkaa wenyewe. Gereji ya Ethuro ilikuwa kivulini mwa lori bovu lililokaa pale muda mrefu hata ndege wakalitungia anwani. Meza ilikuwa mlango wa lori hilo juu ya magurudumu mawili. Wa nne mezani alikuwa Nakaale, muuza samaki, mama mpana mwenye kicheko cha kutikisa bati.

"Ejok, Nakaale."

"Ejok-nooi. Umekuja kuchapwa tena, dada yangu? Karibu, tuchapwe pamoja."

Ethuro alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. "Mathe, umekuja kumsalimia? Yuko poa. Siku hizi anakunywa petroli."

"Leo nimekuja kumpeleka nyumbani," Ayak alisema.

Raundi ya kwanza nyuki wakatoka. Ya pili wakazidi. Ya tatu Pontien akabaki bila mbuzi hata wa kuuliza njia, na Ethuro akamchukulia kifaru wake mzuri. Ayak alikuwa na mbuzi tisa. Zamu yake ilipofika alilipa jerikeni zote tatu, akaweka Foleni katikati ya meza na kuigonga kwa kidole.

"Mmoja mmoja," akasema. Mkono wake ulikwenda kwenye filimbi wenyewe.

Ethuro akacheka. "Hiyo si ya kuwekea mguu wa meza?"

Raundi ya nne alikuwa na makundi saba, akatoa moja, likamla Ayak mbuzi watatu. Sita yakakaa. Raundi ya tano akatoa lile lile kwa Nakaale, ambaye mamba wake alishatoka majini, na mamba akalimeza kundi zima kama ugali. Kwa jerikeni tano Ethuro akamleta Mabior mwenyewe, mweupe, pembe juu. Ayak naye akaleta ngamia. Raundi ikafungwa, na Pontien, ambaye sasa alikuwa mwamuzi, akakohoa.

"Nyuki hawa hawajauma raundi mbili. Wanahama."

"Wanahama wapi?"

"Soma chini."

Ethuro akaiinua kadi mpaka ikagusa pua. Nakaale aliangua kicheko, na kuku wawili wakatoka mbio chini ya lori. "Miaka yote hii," alisema, "mimi sijawahi ona raundi ya tano. Kumbe huku iko na upepo mzuri."

Mezani sasa Ethuro, ambaye nyuki wake hawakuwahi kulinda boma, alibaki na mbuzi tisa na Mabior peke yake; mkononi kadi zilishamwishia. Akamgeuzia Ayak.

"Basi ng'ombe wako na akukanyage."

Mabior akipita hula mbuzi watano. Ayak alikuwa na sita. Ngamia angeweza kumzuia, lakini walikuwa sawa kwa nguvu na wote wawili wangekufa. Ayak akamtazama yule ng'ombe wa kalamu ya bluu, akasogeza kokwa tano pembeni.

"Mwacheni apite."

"Dada, umebaki na mbuzi mmoja," Nakaale alisema.

"Najua. Na yeye amechoka." Mnyama aliyeshambulia hulazwa upande, hawezi kulinda boma mpaka zamu ijayo. Nyuma ya Mabior hapakuwa na kitu.

Lakini zamu iliyofuata ilikuwa ya Nakaale, na mamba wake hula wanne. Mbuzi mmoja wa Ayak kwake angekuwa kama kutafuna njugu. Nakaale alimtazama Ayak, akamtazama Ethuro. Ayak hakumwomba. Alihisi tu filimbi ikipanda na kushuka kifuani.

"Huyu kijana alinichukulia kambare wangu mbili mwaka huu," Nakaale alisema. "Mamba, nenda kwa fundi."

Tisa wakawa watano. Ngamia wa Ayak akaondoka taratibu, peke yake, bila kumsukuma mtu, akamaliza watano.

Ethuro alifuta mikono tena. Kisha akafungua fungu lake. "Chagua, mathe," alisema, ingawa alijua.

Alipomweka Mabior mkobani, Nakaale akamgusa bega. "Mchezo haujaisha. Mbuzi moja." Raundi iliyofuata mamba akamla mbuzi huyo wa mwisho, na haki ya kuchagua ikawa ya Nakaale. Ayak aliufungua mkoba na kumwaga kadi zote, Mabior juu yake. Kanuni ni kanuni. Yeye ndiye mtu wa foleni.

Nakaale alimsukuma ng'ombe kando kama mtu anayetafuta kiberiti.

"Mimi nataka hii foleni. Kila asubuhi wateja wa samaki wananikanyaga."

Juu ya lori la kurudi, simu ikalia.

"Mabior hajambo?"

"Hajambo. Kikohozi kimeisha." Ayak akaitoa kadi, akaikinga na upepo kwa mkono. Dole gumba la mtu lilikuwa limeacha alama nyeusi mgongoni. "Ana doa la grisi kwenye nundu, lakini."

"Ng'ombe amepata wapi grisi?"

"Alikuwa gereji," Ayak alisema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuhitaji kuongeza kitu.