Volti Nne Zilizopotea Njiani

Msimamizi wa karakana yetu anaiamini mashine kuliko anavyomwamini mtu. Tangi la pili lilipovuja, hakumuuliza mtu neno. Alikwenda kwenye mashine ya kuchomelea, wakati Mjomba akichoma, akainama kwenye kile kioo kidogo cha namba, akasema, "Volti ishirini na saba, kama siku zote. Mashine ni nzima. Basi ni mtu."

Mtu mwenyewe ni mjomba wangu, aliyenilea na kuniombea kazi hapa. Karakana nzima inamwita Taratibu, kwa sababu hana haraka hata cheche zikimwingia shingoni. Miaka ishirini na sita anachomelea matangi ya maji. Sasa mishono yake ilikuwa inakaa juu ya bati kama nta iliyodondoka, haiingii ndani. Na hakubishana. "Uzee umepiga hodi," alisema, akatia sahihi karatasi ya kuhamia ulinzi wa getini kuanzia Jumatatu. Nilitaka agombe. Alipokaa kimya nilimkasirikia yeye, na huo ulikuwa upuuzi wangu.

Mimi ni fundi umeme. Ijumaa alasiri nilitumwa kuikagua mashine ili faili lifungwe. Nilikuwa nimechoka hoi. Tuko wawili tunaofanya kazi ya watu watano, na usingizi siku hizi nauona kwa wenzangu tu. Kabla moto haujawaka kioo kilionyesha thelathini na mbili. Mjomba alipochoma zikashuka hadi ishirini na saba, inavyotakiwa. Nikaandika "sawa".

Nilipoanza kuukunja waya wa kurudishia umeme, ule mnene unaobanwa kwenye tangi, sehemu iliyopita chini ya mbao iliniunguza kiganja.

Nikakaa chini pale pale. Hapo waya ulikuwa na kiungo, na kiungo hicho nilikifunga mimi. Wiki tatu nyuma mashine ilihamishwa, waya ukawa mfupi, nikauunga kipande kwa bolti. Kengele ya kutoka ililia na spana iko mbali. Nikakaza kwa vidole, nikazungushia utepe, nikajiambia nitamalizia kesho. Kesho nikasahau.

Kioo hupima umeme unapotoka kwenye mashine. Hakijui umebaki kiasi gani ukifika kwenye kazi. Nikachukua mita yangu ya kupimia umeme, waya wake mmoja nikaugusisha karibu na bunduki ya kuchomelea, mwingine kwenye tangi lenyewe.

"Choma tena, Mjomba."

"Nimeshachoka, mama. Waachie wenye macho."

"Mara moja tu, nakuomba."

Akachoma. Kioo cha mashine: ishirini na saba. Mita yangu: ishirini na tatu. Nne zilikuwa zinaishia kwenye kiungo changu, zinapasha moto mbao.

Ningeweza kukaza kimyakimya, nikasingizia mashine. Sitaficha, nililifikiria hilo njia nzima nilipokwenda kuchukua spana. Nikazima umeme, nikasugua ncha za waya, nikakaza mpaka bolti ikagoma.

Safari hii moto ulikaanga kwa sauti moja, kama kitunguu kwenye mafuta yaliyopata moto vizuri. Mshono ukalala, ukashika bati. Mjomba akainua barakoa yake.

"Umefanya nini?"

"Nimekaza bolti niliyoiacha bila kukazwa wiki tatu zilizopita. Si mikono yako, Mjomba. Ni yangu."

Nilingoja anitukane. Ingenipunguzia uzito. Yeye akavua glovu, akaupitishia mshono kidole, ingawa ulikuwa bado na moto.

"Wiki tatu," alisema, "sijanywa chai mbele ya mke wangu. Niliogopa aone kikombe kinatetemeka."

"Kilikuwa kinatetemeka?"

"Sijui. Nilikuwa naangalia pembeni."

Nikachukua ile karatasi ya ukaguzi, nikakata "sawa", nikaandika kosa lilivyo na chini yake jina langu kamili, nikaiweka juu ya mashine ili msimamizi aione. Mjomba aliisoma yote, taratibu kama kawaida yake, kisha akafungua chupa yake ya chai. Akamimina kikombe mpaka ukingoni, akakinyoosha mbele yangu kwa mkono mmoja, akakitazama. Chai ilitulia tuli.

"Shika, unywe," akasema. "Umechoka, mwanangu."

Nikakipokea kwa mikono miwili, na bado nikaimwaga.