Kichwa cha Mwalimu Nukta

Mtaani wananiita Redio, na sikatai. Kazi yangu ni ususi, na msusi asiyeongea huyo ni mashine. Mteja akishakaa kwenye kigoda mbele ya magoti yangu na vidole vikaanza kugawa nywele, mdomo nao unafunguka wenyewe. Mpaka namalizia msuko wa mwisho atakuwa amecheka, amelia kidogo, na amesahau kwamba alikuja na haraka.

Lakini nipe kalamu uone. Nilirudi shule ukubwani, darasa la jioni la watu wazima, kwenye madawati ya watoto ambako magoti yanakaa jirani na masikio. Nilitaka cheti cha sekondari. Chuo cha ufundi kilikuwa kinatafuta mwalimu wa ususi. Walikuja wenyewe saluni, wakaipenda kazi yangu, kisha wakauliza cheti kiko wapi. Masomo mengine nilipita. Insha ikanikwamisha. Mtihani wa kwanza niliandika kichwa cha habari, nikakipigia mstari, nikakaa nakitazama mpaka karatasi zikakusanywa.

Mwalimu wetu wa Kiswahili tulimwita Mwalimu Nukta. Mwanamke wa makamo, mkavu wa maneno, nywele kazinyoa zote. Mtu akisoma sentensi ndefu, yeye anagonga meza: "Nukta, jamani. Pumua." Matokeo yangu yalipotoka hakunipa hata pole. Aliniuliza, "Mbona ukisimulia hatubanduki, ukiandika unakufa?"

"Mikono, Mwalimu," nikamjibu. "Imezoea nywele. Isiposuka, na kichwa kinalala."

Tangu wiki ile akawa anakuja darasani na kitambaa kichwani. Miezi ikapita, halafu Jumamosi moja akaingia saluni, akakaa kwenye kigoda, akafungua kitambaa. Nywele zilikuwa zimeota, si haba.

"Nisuke," akasema. "Na ukisuka, nitungie insha. Mada ni safari iliyoharibika. Soga sitaki. Nataka mwanzo, kati na mwisho."

Nikasuka, nikatunga. Alipoinuka akanipa kalamu. "Sasa andika ulichosema, kabla hakijapoa." Nikaandika, na maneno yakaja. Yalikuja mabovumabovu, lakini yalikuja.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila Jumamosi anafika, misuko ya wiki iliyopita kaifumua, mada mpya mdomoni. Na nilichokipenda zaidi, sitaficha, ni machozi. Nikifika katikati ya insha nachungulia kwenye kioo, naona macho ya Mwalimu yamejaa. Kichwa kikanivimba. Nikazidisha huzuni: nikaunguza nyumba, nikaua mbuzi, nikamfilisi mjane wa watu asiye na hatia. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwalimu anafuta macho, ananiambia tu, "Punguza misiba. Nukta."

Kwa ajili ya mtihani alinishauri nivae shali yenye matamvua. Siku ikafika, nikasoma mada, kalamu ikagoma. Nikashusha mikono chini ya dawati, nikaanza kusuka zile nyuzi za pembeni. Mwanzo ukaja. Msimamizi naye akaja.

"Mama, huko chini kuna nini?"

"Nasuka."

Akaichukua shali, akaigeuza mbele na nyuma, akaikagua kwenye mwanga wa dirisha. Nikitolewa pale, chuo basi, na Jumamosi zote za Mwalimu zimekwenda na maji. Hakuona hata herufi moja. Akanirudishia.

"Suka," akasema, "lakini mikono iwe juu ya meza, niione."

Nikasuka mbele ya macho ya wenzangu wote, kisha nikaandika mpaka kidole gumba kikafa ganzi.

Nilipita. Chuo wakanipa darasa. Siku ile ile ya matokeo nilibeba mafungu ya rasta, yale mazuri kuliko yote saluni, nikaenda nyumbani kwa Mwalimu nikamsuke zawadi, hata msuko wa bibi harusi akiutaka.

Akafungua mlango. Kanyoa zote, kama siku ya kwanza nilipomwona.

"Mwalimu, nywele je?"

"Zimekwenda, nashukuru Mungu. Tangu utoto kichwa changu hakitaki kuvutwa. Mama akishika kitana tu, mimi niko kwa jirani."

Nikabaki na mafungu yangu mkononi. "Kwa hiyo yale machozi..."

"Insha mbili zilinitoa machozi kweli," akasema. "Mengine yote ni vidole vyako."

Jumamosi zote zile. Mimi namvuta, najisifu moyoni, na yeye anavumilia, anakwenda kufumua, anarudi tena kuvutwa. Hata mama yangu mzazi hakuwahi kunifanyia subira ya namna hiyo. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, halikutoka hata moja. Redio nzima, kimya.

Akanitazama, akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka. "Sema asante, uweke nukta."

"Asante," nikasema. Nukta ikanishinda. Nililia pale mlangoni mpaka akaingia ndani, akaniletea kitambaa nijifute. Kilikuwa kile kile alichojifunika miezi yote nywele zilipokuwa zinaota.