Sarafu ya Inkar Kwenye Shashu

Kisanduku cha plastiki kilikuwa kimeingia ukungu, kwa hiyo Jazira aliitoa sarafu, akaiweka kwenye kisahani mezani na kwenda kutafuta kitambaa laini. Aliporudi kisahani kilikuwa kitupu. Sebuleni, wageni walikuwa wamepiga magoti kwenye zulia wakigombea peremende.

Inkar, bintiye wa mwaka mmoja, alikuwa ametoka kukatwa kamba aliyofungwa miguuni, kama ilivyo desturi ya Wakazaki, ili aanze kutembea. Mama mkwe, Kulyash, hakutaka kuchelewesha shashu, desturi ya kuwarushia wageni peremende na sarafu za baraka. Alikuwa amemimina kila kilicho mezani ndani ya bakuli, peremende na chenji, akawarushia watu.

"Imeandikwa tenge mia," alijitetea Jazira alipomuuliza. "Ningejuaje?"

"Ni ya kumbukumbu, Mama. Baba aliipangia foleni benki Inkar alipozaliwa."

Baba yake Jazira alifariki majira ya baridi yaliyopita. Hakumwachia mjukuu kitu kingine.

Kulyash alishusha sauti. "Basi usiidai. Aliyeokota shashu ameokota baraka. Ukimnyang'anya, unamnyang'anya mwanao."

Jazira aliwatazama wageni ishirini na mifuko yao iliyotuna. Kuwapekua asingeweza. Kukaa kimya pia asingeweza. Akapiga makofi.

"Jamani, mmemwona mtoto akitembea kwa mara ya kwanza. Korimdik yake iko wapi? Au mlifuata nyama tu?"

Walicheka, lakini walijua wamebanwa. Ukionyeshwa jambo jipya la mtoto, hutoki bila kumpa zawadi. Jirani mmoja aliinua simu, akasema atatuma baadaye.

"Inkar hana simu," Jazira alimjibu. "Mpe kitu cha kushika."

Siku hizi nani anatembea na pesa taslimu? Walichokuwa nacho ni kile walichookota. Jazira akapitisha kofia ya mtoto, macho yakiwa kwenye kila kiganja. Chenji, chenji, peremende iliyokanyagwa. Alifika kwa shangazi Batima, wa mwisho.

"Toa, shangazi. Umejaza mfuko kama kindi."

Batima alinung'unika kwamba alikuwa amemwekea mjukuu wake moja inayong'aa. Akaitumbukiza kofiani. Ilikuwa na mchoro wa kitanda cha mtoto, na mkwaruzo mdogo ukingoni ambao haukuwepo asubuhi.

Jazira aliketi palepale kwenye zulia. Alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu alipokiona kile kisahani kitupu. Batima akamuuliza kama anaumwa. Jazira alitikisa kichwa, akamwambia kwamba leo ataondoka na mfupa wa nyama mkubwa kuliko yote, wa kumpelekea mjukuu.

Wageni walipoondoka, Jazira aliifuta sarafu na kuirudisha kisandukuni. Kulyash alikuja na utepe wa gundi, akakizungushia kisanduku mara moja, mara tano, mara kumi, hadi kikawa kama kifundo cha mguu kilichofungwa bandeji.

"Haya," alisema. "Sasa hata mimi siwezi kuirusha."