Tanuu la Msabaha na Kosa la Siri

Mawingu yalikuwa yameshapanda upande wa bahari, meusi tii, na tanuu la Msabaha lilikuwa bado halijatiwa moto.

Hilo ndilo lililomtoa Msabaha kijijini kwake Kaole asubuhi ile na kumkimbiza hadi Bagamoyo mjini, pindo la kanzu kalishika mkononi, ndala zinampiga visigino. Wiki tatu nzima alikuwa amepanga magogo duara juu ya duara hadi kimo cha mtu, kisha akayapandisha mawe ya matumbawe moja moja, kwa mgongo wake mwenyewe wa miaka sitini. Tanuu la chokaa likinyeshewa kabla ya moto, basi tena. Magogo hulowa, moto hufuka badala ya kuwaka, mawe hutoka nusu mabichi. Hapo hupati chokaa, unapata kifusi. Na masika yakishaingia hakuna tanuu jingine mpaka ardhi ikauke.

Kulitia moto hakuruhusiwa. Sheria mpya ya leseni ilisema hakuna biashara bila karatasi, na karatasi yake ilikuwa imerudi na sababu ya mstari mmoja tu. Alisomewa na Kitwana, mwashi wa Mlingotini, mteja wake wa miaka mingi: "Ombi limekataliwa kwa sababu za usalama wa taifa."

"Usalama wa nini?" Msabaha aliuliza.

"Wa taifa."

"Mimi na taifa tumegombana lini?"

"Labda taifa limekuona unavyokula," alisema Kitwana. "Lakini hapa chini wanasema unaweza kwenda mbele ya kamati ukasikilizwa. Leo ndiyo siku yenyewe."

Kitwana akampakia kwenye baiskeli sehemu ya njia, akachoka, akamshusha. Walifika wote wawili wakihema. Kitwana akabaki nje na baiskeli yake.

Ndani ya ofisi ya kamati walikuwa watatu. Mwenyekiti Hieronimo, aliyekuwa mwalimu kabla ya kupewa kiti, kaegemea ukuta. Verdiana, karani, mbele ya mashine ya chapa. Na pembeni kabisa bwana mmoja mwenye suti ya kaunda, daftari dogo gotini, penseli mkononi. Huyu hakutambulishwa. Ndiyo maana Msabaha alimjua papo hapo kuwa ni mtu wa Usalama.

Shikamoo hakupewa, na mwenyekiti angeweza kuwa mwanawe.

"Ndugu Msabaha, una la kusema?"

"Juu ya nini, bwana mwenyekiti?"

"Juu ya kukataliwa kwako."

"Nimekataliwa kwa kosa gani?"

"Hilo ni siri ya serikali."

"Siri hata kwangu mimi niliyelitenda?"

"Hasa kwako."

Verdiana aliinamisha uso kwenye mashine, mabega yakimtikisika. Msabaha akahisi damu inampanda kichwani. Ndio hawa hawa! Miaka miwili nyuma Mize, mkewe, alikuwa amelala barazani anahangaika na pumzi, na gari la wagonjwa limechukuliwa na mkubwa mmoja kwenda arusini. Siku ile pia alipouliza sababu aliambiwa asiulize. Amemzika Mize bila sababu. Sasa na tanuu lizikwe bila sababu?

Huko nje ngurumo ikapita.

"Haya," akasema, akakunja mikono ya kanzu. "Kwa kuwa hamtaki kunitajia kosa, nitajitetea kwa makosa yangu yote. Kaeni vizuri."

"Ndugu Msabaha, hatuna muda."

"Mnao. Mmeandika nitasikilizwa. Nisikilizeni! La kwanza: vita ya Mjerumani ya pili, niliiba beberu wa shemeji yangu Mwinyijuma, tukamla. Yeye mwenyewe alikula, akasifu mchuzi."

Mwenyekiti akafumba macho.

"La pili: nilisinzia kwenye mkutano wa kijiji. Niliposhtuka nikapiga makofi. Kumbe wametangaza msiba. La tatu: nimesema mara nyingi kuwa wakubwa wa siku hizi wana matumbo kama viriba."

"Ndugu!"

"Nimelisema, na nikitoka hapo nje nitalisema."

Hapo ndipo alipoiona penseli. Ilikuwa imelala juu ya daftari, imetulia kama mjusi anayeota jua. Beberu hakumtikisa yule bwana, makofi hayakumtikisa, hata matumbo ya wakubwa hayakumtikisa. Msabaha akasita. Kumbe kosa analijua yule pale, na mkono wake hauwezi kuficha! Akaacha kumtazama mwenyekiti. Aliitazama penseli.

"Tanuu langu linatoa moshi," akasema polepole. "Moshi mkubwa, unaonekana mbali baharini."

Penseli kimya.

"Mawe yangu yakiungua hupasuka. Pa! Pa! Kama bunduki."

Penseli ikacheza kidogo, ikatulia. Kimebaki nini tena? Moto, moshi, mlio... Akakumbuka.

"Na nina vitambaa viwili vya kupandisha kwenye mlingoti wa tanuu. Chekundu na cheupe."

Penseli ilianguka. Ilibingirika sakafuni mpaka kwenye ndala za Msabaha, na yeye akaiinua, akampelekea mwenyewe kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Shika, mwanangu. Tumeonana."

"Hayo hayajadiliwi!" Mwenyekiti alisimama. "Mambo ya ishara ni siri!"

"Mimi sijaambiwa siri yoyote. Mimi nasimulia mlingoti wangu." Sauti ilikuwa inamtetemeka, na si kwa hofu. "Kitambaa chekundu maana yake moto unawaka, msipitishe watoto, mawe yanaruka. Cheupe maana yake chokaa imeiva, njooni. Pwani hii yote wanajua. Marehemu mke wangu ndiye aliyevishona, kwa kuwaonea huruma watu wa Mlingotini waliokuwa wanatembea bure na kukuta tanuu bado. Kama ni jasusi, basi ni yule, na ninyi mlishammaliza kwa kumnyima gari!"

Bwana wa daftari akanena kwa mara ya kwanza, na lafudhi yake ilikuwa ya bara kabisa.

"Mzee, mtu anaweza kusema chochote."

"Kweli. Basi usinioneshe daftari lako. Lifungue ujisomee peke yako. Kabla ya sherehe za Uhuru zilizopita, siku tatu hivi, umeandika nyeupe au hukuandika?"

Yule bwana akafunua kurasa. Kidole kikashuka, kikasimama.

"Umeandika!" Msabaha alipiga goti kwa kiganja. "Na siku ile ile nani alikuja mbio Kaole kwa kukiona kitambaa? Lori la ofisi hii! Mlitaka kupaka kuta kabla ya wageni. Bwana mwenyekiti, samahani, tazama bega lako."

Hieronimo akageuza shingo. Bega la koti lake, alipokuwa ameegemea ukuta, lilikuwa jeupe pe kwa chokaa.

"Ni kweli, mwenyekiti," Verdiana akaropoka. "Barua ya kuomba lile lori nilichapa mimi. Dereva aliambiwa angojee kitambaa cheupe—"

"Verdiana!"

"Nimenyamaza, mwenyekiti."

Msabaha akatolewa nje. Kitwana alikuwa anatazama juu. Tone moja likaanguka kwenye kiti cha baiskeli, likafuatwa na jingine, kisha yakakoma. Msabaha alitembea kutoka ukuta mpaka ukuta, akihesabu hatua na kupotea njiani, mpaka Verdiana akatoka na karatasi ya leseni yenye muhuri, bado wino mbichi.

Msabaha alirudi mlangoni nayo mkononi.

"Bwana mwenyekiti, ile sababu ya kuninyima?"

"Siri," alisema Hieronimo, akijipangusa bega.

"Na sababu ya kunipa?"

"Nayo siri."

"Haya. Wallahi mnazo nyingi."

Safari hii Kitwana hakumshusha njiani hata mara moja. Walifika Kaole upepo umeshageuka, unasukuma wingu juu yao. Msabaha akaingiza mwenge katikati ya tanuu, kwenye makumbi makavu ya nazi, akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Moto ukashika. Ukanguruma. Mvua ilipofika, ilikuta tanuu limeshakuwa jekundu tumboni, na kila tone liligeuka mvuke kabla ya kugusa jiwe. Pa! likapasuka la kwanza. Kitwana akashangilia kama yuko mpirani.

Msabaha akauendea mlingoti, akapandisha kile chekundu. Alipogeuka akamwona bwana wa penseli kwenye kona ya njia, kasimama mvuani, daftari kalikinga kwa kofia.

"Andika, mwanangu!" Msabaha akampigia kelele. "Nyekundu, saa tisa alasiri! Na safari hii andika na aliyekishona: Mize binti Haji!"

Yule bwana akasita. Kisha akainama, akaandika.